Mswada Juu ya Kaunta ya Dobi

Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni dobi. Nalisema mapema na kwa sauti, kwa sababu wapo watu katika ukoo wetu ambao wakiulizwa shangazi yao anafanya kazi gani hujibu "ana biashara", kisha hubadilisha mazungumzo. Ukoo wetu umetoa walimu, umetoa mkaguzi wa shule, umetoa daktari wa meno, na umetoa dobi. Hayo mashati ya daktari wa meno wanadhani yananyooka yenyewe?

Mtaani wanamwita Mvuke. Asubuhi akifungua mlango wa duka, mvuke ndio unaotoka kwanza, naye anafuata nyuma, mfupi, mnene, miwani imeingia ukungu, na tayari anazungumza na mtu ambaye bado hajamwona ni nani. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu atakwambia amefua soksi za wanaume wa mtaa mzima na hajaona haja ya kuongeza za mmoja nyumbani.

Duka lake lilizaliwa na koti. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule, na mpaka leo watu wakimtaja wanamwita Mkaguzi, kama vile hakuwahi kuwa na jina lingine. Siku alipopandishwa cheo alikuwa na koti moja tu la heshima, la kijivu. Tukalipeleka kwa dobi wa mtaa, mwanamume anayeitwa Kunyanzi kwa kuwa hunyoosha nguo za watu wote isipokuwa zake. Koti likarudi na alama ya pasi mgongoni, ya kahawia, kubwa, umbo la pasi yenyewe mpaka ile ncha yake. Tukamuuliza Kunyanzi. Akasema lilikuja hivyo.

Lilikuja hivyo! Kana kwamba mume wangu alikuwa na desturi ya kulala chali juu ya pasi.

Hapakuwa na muda wa kutafuta jingine, akalivaa hilohilo. Sherehe nzima hakumpa mtu mgongo. Aliegemea kuta, akaegemea nguzo, na alipoitwa jukwaani kupokea barua yake akashuka ngazi za nyuma ya jukwaa kinyumenyume huku akitabasamu. Watu wakadhani ni adabu kwa mgeni rasmi. Waliofuata wakaiga, na mmoja wao akaanguka.

Wifi wakati huo alikuwa akipiga pasi katika hoteli. Alipoliona koti hakusema neno, na kwake hilo ni tukio. Baada ya miezi michache akaacha kazi, akafungua duka lake mkabala na la Kunyanzi, mlango kwa mlango, barabara katikati. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Walijuana kwa kamba za nguo tu: huyu akianika mashuka mengi, yule anaanika hata taulo zake za mkononi ili kamba isionekane tupu.

Koti lile ndilo lililomfundisha ukaguzi wa kaunta, ambao sasa kila mtu mtaani anaujua. Huwezi kumwachia Mvuke nguo ukaondoka. Anaitandaza juu ya kaunta, anaivuta taa karibu, anaisoma kwa sauti mbele ya wote waliomo dukani.

"Doa la mafuta, mfuko wa kulia."

Nawe mwenye nguo unatakiwa ujibu, "Limo."

"Doa la wino, kifuani."

"Limo."

"Na hili la rangi ya midomo, kwenye kola?"

Nimeshuhudia mwanamume mzima akichukua shati lake akaenda nalo nyumbani kufua mwenyewe. Lakini usiposema "limo", nguo haipokelewi. Doa likikubaliwa hapo, baadaye hakuna wa kudai kwamba dobi ndiye aliyelitia. Kunyanzi naye, kwa kuona wateja wanavuka barabara, akaanza ukaguzi huohuo dukani kwake, na hakuona haya.

Sasa, mashine ya kufulia ikianza kuzunguka haina haraka, na katika muda huo madobi wengine husengenya. Wifi yangu aliandika. Aliandika kwenye ile kompyuta ya kutolea risiti, sentensi moja, mteja mmoja, sentensi moja, mteja mmoja, mpaka ikawa riwaya ya vijana. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuisoma, kwa kuwa nimefundisha lugha sekondari maisha yangu yote ya kazi, na kwa kuwa hangethubutu kuanza na mwingine.

Niliisoma kwa siku mbili. Nilisahihisha vituo, ambavyo yeye huvitumia kama chumvi. Halafu nikamwita nyumbani, nikafunga mlango.

Riwaya ilikuwa juu ya kijana aliyefeli mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akaona aibu kumwambia baba yake. Kila asubuhi anavaa sare ya sekondari ambayo hakuandikishwa, anaaga, anakwenda kushinda maktaba mpaka jioni, anarudi na madaftari yake chini ya kwapa. Anayempigia pasi hiyo sare ni dada yake mdogo, peke yake anayejua. Jambo hilo halikubuniwa. Lilitokea, na duniani tulilijua watu watatu: dada aliyeshika pasi, mimi niliyeambiwa baada ya ndoa, na kijana mwenyewe, ambaye alikuja kuwa mkaguzi wa shule na picha yake ipo sebuleni kwangu akiwa na tai.

"Wifi," nikamwambia, "kitabu kizuri. Kijana afaulu."

"Afaulu nini?"

"Mtihani. Awe wa kwanza darasani."

"Akiwa wa kwanza darasani, sare ya uongo atavaa ya nini?"

"Hilo ni lako wewe mwandishi. Mimi nina watoto na wajukuu wenye jina lake. Shule zote alizokagua, walimu wote aliowaandikia ripoti, wasome leo kwamba yeye mwenyewe alifeli?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Wifi yangu ananiheshimu. Akaenda akambadilisha kijana, akawa wa kwanza darasani, na riwaya ikapelekwa kwa mchapishaji.

Ilirudi. Mhariri aliandika kwa upole kwamba lugha ni safi, dada mpiga pasi amechorwa vizuri, lakini kuna kitu kimekosekana ambacho yeye hawezi kusema ni kipi. Akashauri: tafuta mwandishi mwenzako wa riwaya za vijana, msomeane miswada, mwambiane ukweli, kisha ulete tena kabla shule hazijafunguliwa. Tutachukua kitabu kimoja tu msimu huu.

Wifi aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, pasi mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaunguza kitu. Kilikuwa kitambaa chake mwenyewe cha kaunta, namshukuru Mungu, lakini nilijua hapo kwamba jambo hili limemwingia. Ana miaka hamsini na kitu. Amenyoosha nguo za harusi za watu, za mahafali ya watu, za mazishi ya watu. Alitaka kitu kimoja kitoke dukani mle kikiwa na jina lake yeye.

Kesho yake nikakuta karatasi imebandikwa dukani, chini ya bei za mablanketi: NATAFUTA MWANDISHI WA RIWAYA ZA VIJANA TUSOMEANE. AWE HAJUI KUSIFU.

Nikaibandua. Mtu wa kwetu hatangazwi kati ya bei za mablanketi na saa za kufunga. Nikamwambia tulia, mimi nitakutafutia mtu wa familia inayojulikana.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu, mtu wa suti hata Jumamosi. Alikuwa na mswada wake tayari kwa miaka mingi. Wakabadilishana. Baada ya wiki akaurudisha wa wifi, wino mwekundu kila mahali, na chini ya ukurasa wa mwisho ameandika: 41/100. Aongeze bidii.

"Mwalimu," wifi akamwambia, "na mimi nimesoma chako. Sura ya kwanza mtoto anaambiwa atii wazazi, anatii. Sura ya pili mwingine anaambiwa atii, naye anatii. Mpaka sura ya mwisho wametii wote. Hadithi iko wapi?"

"Hadithi ni huko kutii," akasema mwalimu mkuu.

"Hakuna hata mmoja aliyechelewa kidogo kutii?"

Alichukua kofia yake. Mpaka leo akikutana nami ananisalimia kwa kichwa tu.

Wa pili alikuwa binti wa saluni ya pembeni, mpole, mtoto wa watu wazuri, anayeandika hadithi zake kwenye simu wakati wateja wako chini ya mashine ya kukaushia nywele. Alirudi siku ya pili tu, machozi tele.

"Shangazi, nimelia!"

"Wapi?" wifi akauliza, kalamu tayari.

"Kote."

"Hata ile sura kijana anapokaa juu ya uji?"

"Hiyo nililia kwa kucheka."

"Ulipofika mwisho ulionaje?"

Binti akaangalia kucha zake. "Mwisho nimeuhifadhi, shangazi. Kitu kitamu hakiliwi mara moja."

Wifi akampa pole na mswada wake. Alipoondoka akaniambia, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi hata kugema bado, wifi, naye ananisifia mnazi."

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Duka lilijaa sare, na kila sare iliyoletwa niliona anavyoitazama.

Siku moja mchana, niko ndani kwenye kiti changu kando ya mlango, muuguzi wa zahanati akisubiri magwanda yake, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kunyanzi anavuka barabara. Shati lake lilikuwa limejikunja kama karatasi iliyotupwa ikaokotwa. Ameshika mfuko wa nguo, ule mrefu wa kufunikia suti. Akaingia, akauning'iniza kwenye msumari wa kaunta, akasema, bila salamu:

"Nimeleta kazi."

Wifi akafungua zipu. Ndani hamkuwa na suti. Mlikuwa na mswada, umebanwa kwenye hanga kwa vibanio vya sketi.

"Nilisoma tangazo lako kabla halijabanduliwa," Kunyanzi akasema, akinitazama mimi. "Umesema awe hajui kusifu. Mimi nikusifu wewe kwa lipi?"

Nilitarajia wifi amtupe nje. Badala yake mikono yake ikafanya ilichozoea. Ikautandaza mswada juu ya kaunta, ikavuta taa.

"Pembe zimekunjwa, ukurasa wa kwanza mpaka wa tano."

Kunyanzi akazitazama. "Zimekunjwa."

"Doa la chai, katikati."

"Limo."

"Sura ya tatu haina mwanzo."

"Hiyo hujaisoma bado, bibie."

"Naiona kwa macho. Sema."

Akatazama dari. "Limo."

Muuguzi akasogea karibu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilipinga, na kwa sababu za maana. Nilimwambia wifi, mtu huyu alimfanya kaka yako ashuke ngazi kinyumenyume. Akanijibu, "Ndiyo maana, wifi. Huyu akiniambia jambo ni zuri, nitajua ni zuri kweli, maana atakuwa ameugua kulisema." Nikaamua kwamba kama haliepukiki, basi mimi nitakuwepo kila kikao, na kiti changu nikakisogeza kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta yenyewe.

Walisomeana kwa njia moja tu waliyoijua, ukaguzi wa kaunta, mbele ya mtu yeyote aliyekuja na suruali. Siku moja kwa wifi, siku moja ng'ambo. Mwenye mswada anasimama upande wa mteja, msomaji upande wa dobi.

"Ukurasa wa tisa, mhusika ana macho meusi. Wa ishirini, ya kahawia. Limo?"

"Limo. Jua lilikuwa limempiga."

"Jua halikuandikwa. Hapa umetia wanga mwingi, sentensi imesimama yenyewe. Limo?"

"Huo si wanga, ni lugha!"

"Jirani, nimeshika nguo tangu hujaota ndevu. Naujua wanga," wifi anamjibu.

Wateja wakaanza kukaa muda mrefu kuliko nguo zao zinavyohitaji. Mlinzi wa benki alileta tai ileile mara tatu. Watu walikuwa wakichukua upande, na muuguzi aliwahi kuniambia kwa uchungu kwamba yule mjomba katika sura ya sita ya Kunyanzi hakustahili kufa kwa mafua, akataja na dawa ambayo ingemfaa.

Mswada wa Kunyanzi ulihusu kijana mwanafunzi wa udobi anayesingiziwa kwamba ameunguza koti la hakimu. Nilipolisikia hilo neno, koti, nikakaa wima. Katika hadithi yake koti lilikuja limeshaungua. Kijana hana kosa. Kila mtu anagundua hana kosa, hakimu anagundua, mke wa hakimu anagundua, halafu wanakuja kumwomba radhi mmoja mmoja mpaka kitabu kinakwisha.

Siku walipofika hapo tulikuwa upande wetu wa barabara. Wifi aliweka kidole kwenye mstari.

"'Koti lilikuja hivyo,'" akasoma. Akasoma tena. "Hapa siwezi kukusaidia, jirani."

"Kwa nini?"

"Sipokei nguo ambayo mwenyewe hajasema limo."

Kunyanzi akawa mwekundu masikio. "Hii ni hadithi. Ya kubuni."

"Basi ni hadithi mbovu ya kubuni. Mtu hana kosa, anaombwa radhi kurasa arobaini. Mimi msomaji nifanye nini, nipange foleni nimwombe na mimi?"

Mlinzi wa benki akacheka. Kunyanzi akageuka, akauchukua mswada wa wifi uliokuwa pembeni, akaupiga juu ya kaunta kama anayekung'uta zulia.

"Na wako? Kijana wako ni wa kwanza darasani sura ya kwanza. Katikati ni wa kwanza. Mwisho ni wa kwanza! Halafu kila asubuhi anakwenda kujificha maktaba. Anajificha nini, zawadi? Mimi nimesoma chote, bibie, nikitafuta kwa taa, sikuona doa hata moja. Nguo isiyo na doa haiji kwa dobi. Inakaa kabatini na nondo."

Wifi aliutazama mswada wake. Hakunitazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba anajua, alijua siku zote, na kwamba amekaa kimya kwa ajili yangu huku siku za mhariri zikiisha. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mficha uchi hazai," mlinzi wa benki akasema, kwa upole kabisa.

"Na wewe mbele ya mwalimu!" muuguzi akamkemea.

"Ni methali, dada."

"Afeli," Kunyanzi akaendelea, sasa amepata moto. "Kijana afeli mtihani. Hapo nitaelewa kwa nini anajificha, hapo hata hiyo sare itaniuma. Tena asifeli mara moja, mara moja ni bahati mbaya. Afeli mara tatu!"

"Tatu," wifi akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka. "Ndivyo nilivyotaka kuandika mwanzo. Ilikuwa mara tatu."

Sasa, mimi ni mwalimu. Ninaweza kuvumilia mengi, lakini siwezi kukaa nikasikia mtu anaongezewa kosa ambalo hakulifanya.

"Mbili!" nikasema.

Wote wakageuka.

"Mara mbili tu! Mara ya tatu alikuwa na surua, mtihani hakuuona hata kwa macho. Wifi, unakumbukaje vibaya hivyo na wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia pasi?"

Mashine, kwa ubaya wake, ikachagua wakati huohuo kumaliza kuzunguka.

"Nani alikuwa na surua?" muuguzi akauliza, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kunyanzi alikuwa akinitazama mdomo wazi. Nikamwona anahesabu: sare, dada, pasi. Macho yake yakaenda kwa wifi, yakarudi kwangu. "Mkaguzi?" akasema. "Mkaguzi mwenyewe?"

Ningeweza kukana. Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, yenye vishazi viwili. Lakini wifi aliweka kiganja chake juu ya mswada, upande wa dobi, akaniambia kwa sauti ileile anayowaambia wote, ila chini zaidi:

"Doa hilo, wifi. Limo au halimo?"

Niliifikiria picha ya sebuleni. Nikafikiria pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba kila alipokwenda kukagua shule, kabla ya kuonana na mwalimu mkuu, marehemu aliuliza kwanza kama kuna mtoto anayekaa peke yake maktaba. Walimu walidhani anakagua vitabu.

"Limo," nikasema.

Mlinzi wa benki akavua kofia yake. Sijui kwa nini, lakini ilifaa. Muuguzi akasema, "Basi na mwanangu aliyefeli ana matumaini," kisha akapenga kamasi.

Lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Ukoo wetu hauwezi kuachwa umesimama peke yake juu ya kaunta na doa lake huku wengine wamevaa vyeupe. Nikamgeukia Kunyanzi.

"Na wewe. Koti. Alama ile ya pasi, lilipokuja kwako, ilikuwamo?"

"Mama Mwalimu, miaka mingi..."

"Sikuulizi miaka."

Akavuta kola ya shati lake, akapata mkunjo mwingine mpya. Akamtazama wifi, naye wifi akamtazama bila huruma na bila chuki, kama anavyotazama zulia.

"Haikuwamo," akasema. "Mke wangu aliniita nije kula. Nikasema nakuja. Nilipokumbuka pasi nilikuwa nimeshaongeza sahani."

"Basi hapo ndipo hadithi yako inapoanza!" wifi akapiga kaunta. "Hapo hapo! Kijana anakula, pasi iko juu ya koti la hakimu! Mimi ningeshindwa kukiweka kitabu chini!"

"Kweli?" Kunyanzi akasema.

"Anaongeza na sahani! Usiiondoe hiyo sahani, nitakuua."

Kunyanzi akatafuta kalamu akaandika palepale, juu ya karatasi ya kufungia mashati. Niliwaacha wanagombana kuhusu chakula gani kilikuwa kwenye sahani.

Wifi alimrudishia kijana wake kufeli kwake. Aliandika mchana na jioni, wateja wakisubiri bila kulalamika kwa kuwa kila mmoja alijiona ana hisa. Kunyanzi aliupokea mswada ukurasa baada ya ukurasa, akaupeleka ng'ambo kwenye mfuko wa suti, akaurudisha una maneno makali pembeni. Siku moja tu aliurudisha na ukurasa mmoja mtupu, haukuwa na alama yoyote. Ulikuwa ule wa dada anayepiga pasi sare alfajiri. Wifi aliugeuza mbele na nyuma.

"Hapa hujaandika kitu," akamwambia.

"Sikuona kitu," Kunyanzi akasema, na alionekana mgonjwa kweli.

Koti bado ninalo. Kunyanzi aliomba aje alipige pasi, kama njia ya kuyamaliza. Nilimkatalia. Msamaha ninao, lakini kuna mipaka.

Mswada ulifika kwa mhariri kabla ya shule kufunguliwa. Baada ya muda akapiga simu dukani. Wifi alikuwa na mikono ya sabuni, nikapokea mimi. Ni kijana mdogo, sauti ya adabu. Akasema wameupenda, wataukubali, ila jambo dogo moja, mama. Wasomaji hawataamini kwamba mtu aliyefeli mara mbili alikuja kuwa mkaguzi wa shule. Je, mwandishi hawezi kupunguza? Afeli mara moja, kwa mfano, kwa bahati mbaya?

"Mwanangu," nikamwambia, "unazungumza na mjane wake. Alifeli mara mbili, kwa haki kabisa, na hakumsingizia mtu. Katika familia yetu hatufanyi mambo nusunusu. Mara mbili iandikwe."

"Sawa, mama."

"Na mtu yeyote huko kwenu akiongeza ya tatu, nitakuja ofisini mwenyewe."